Kupiga Windows Siyo Kutibu, Ni Kufuta Ushahidi

Ndugu zangu, leo nina hasira. Nitajitahidi kuandika kwa adabu, lakini siahidi.

Kuna sentensi moja ambayo nikiisikia tena kwenye duka la fundi kompyuta nitaondoka bila kuaga. Sentensi yenyewe ni hii: "Hii tunapiga Windows tu kaka, inakuwa sawa."

Unaijua. Umeshaambiwa. Kompyuta ikiwa nzito, piga Windows. Ikizima ghafla, piga Windows. Sauti haitoki? Piga Windows. Naamini siku moja mtu atapeleka laptopu iliyomwagikiwa chai ya maziwa, na fundi ataitazama, atatikisa kichwa kama daktari bingwa, kisha atasema... haya, malizia mwenyewe.

Nataka kusema jambo moja tu leo, na nitalirudia mpaka mlichoke. Kompyuta inayozima au kuganda mara moja moja, leo ndiyo kesho hapana, ina sababu. Sababu hiyo inatafutika. Na mtu anayefuta kila kitu kabla ya kuitafuta hajatengeneza kompyuta yako. Amefuta ushahidi na kukutoza hela.

Nianze na kisa chenyewe, maana bila kisa nitaonekana nagombana na watu wanaotafuta riziki.

Miaka michache iliyopita nilikuwa naandaa makala kuhusu reli ya TAZARA. Siyo habari za mikutano na mabehewa, la. Nilitaka sauti za watu walioijenga. Reli ile ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Vijana wa wakati ule leo ni wazee wa miaka 70 na kwenda juu. Nikampata mzee mmoja aliyefanya kazi kipande cha Mlimba hadi Makambako, kule milimani kwenye mahandaki na madaraja. Nilikaa naye siku mbili. Saa sita za mazungumzo! Alikumbuka majina ya Wachina aliofanya nao kazi. Alikumbuka walivyokuwa wakiimba wakibeba mataruma. Alikumbuka nani alikufa na wapi alizikwa.

Nikahamishia sauti zote kwenye laptopu, halafu nikafuta zile za kwenye kinasa sauti ili nipate nafasi. Msinicheke, nitarudi kwenye ujinga wangu baadaye.

Wiki hiyo hiyo laptopu ikaanza vituko. Nipo katikati ya kazi, skrini ya bluu. (Wenye Windows 11 siku hizi wanaona nyeusi, waliibadilisha rangi mwaka 2025, lakini balaa ni lile lile.) Inajiwasha yenyewe, inafanya kazi siku mbili kama malaika, halafu tena. Wakati mwingine mara tatu kwa siku. Wakati mwingine wiki nzima kimya.

Fundi wa kwanza hakuuliza kitu. "Virusi hivi." Akaweka programu ya kuua virusi, elfu kumi na tano. Baada ya siku tatu, bluu.

Fundi wa pili naye hakuuliza kitu. "Windows yako imechoka, braza. Tunapiga upya."

Nikamwambia, "Sawa fundi, ila D usiiguse, kuna kazi zangu kule."

"Usijali braza, ondoa shaka."

Kesho yake nakuta laptopu inang'aa, imefutwa vumbi, ina picha mpya ya mbele. Fundi, kwa ukarimu wake, amenijazia filamu na nyimbo kama zawadi. Nafungua D. Filamu.

"Fundi, kazi zangu ziko wapi?"

"Nimesafisha yote braza, virusi vilikuwa vimejificha huko."

Nikakaa kwenye kigoda chake nikashindwa kusema. Yule mzee alikuwa amefariki wiki mbili kabla. Nilikuwa nimepigiwa simu na mjukuu wake.

Nilijaribu programu za kurudisha mafaili yaliyofutwa. Tatizo ni kwamba faili likifutwa mara nyingi bado lipo kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na juu ya mzee wangu kulikuwa kumeshaandikwa Windows mpya na filamu za kivita. Nikapata dakika kumi na moja. Nyingi ni jogoo anawika na mimi nauliza maswali.

Na sasa sikilizeni utamu wenyewe. Siku ya nne baada ya Windows mpya... bluu!

Yaani saa sita za mzee wa watu zilifutwa, elfu thelathini ikalipwa, na ugonjwa ukabaki pale pale umekunja nne.

Fundi wa tatu akaniambia mazabodi imekufa, ubao mkuu wa laptopu, nitafute laki mbili na nusu. Alijuaje? Aliiwasha, ikawaka, akaizima. Ndivyo alivyojua.

Nilichoka. Nikampelekea dada mmoja anayetunza seva za ofisi moja hapa mjini. Huyu dada hakugusa laptopu kwa dakika kumi nzima. Aliuliza maswali. Ilianza lini? Kabla ya hapo uliongeza kifaa gani, au programu gani mpya? Inapozima unakuwa unafanya nini? Ina moto? Inakuletea maandishi gani kwenye ile skrini ya bluu, ni yale yale kila siku au yanabadilika? Inazima ukiwa kwenye chaji tu au hata kwenye betri?

Wadau, niliona aibu. Nani, nini, lini, wapi, kwa nini. Ndiyo kazi yangu hiyo! Nimewapelekea mafundi watatu mashine yangu na hakuna aliyeuliza swali hata moja, nami mwandishi wa habari sikushtuka.

Kisha akafungua folda ambayo sikuwahi kuijua: C, halafu Windows, halafu Minidump. Kumbe kila skrini ya bluu inapotokea, Windows kwa kawaida inaandika faili dogo la kumbukumbu, yaani nini kilikuwa kinafanyika dakika ile ya kifo. Kulikuwa na mafaili manne, yote ya baada ya Windows mpya. Akayasoma kwa programu ya bure. La kwanza lilitaja draiva ya picha. La pili likataja draiva ya waya-less, ile ya intaneti ya hewani. La tatu likataja mfumo wa mafaili. La nne likataja kiini cha Windows chenyewe.

"Mdogo wangu," akasema, "mashahidi wanne wanataja wezi wanne tofauti. Hapo mara nyingi mwizi ni wa tano."

Akaweka flashi yenye programu inaitwa Memtest86+. Ya bure. Inawaka yenyewe bila Windows, inaandika tarakimu kwenye kila sehemu ya RAM na kuzisoma tena kuona kama zimebaki vile vile. Ndani ya nusu saa mistari myekundu ikaanza kushuka. Akaizima, akatoa RAM moja kati ya mbili, akapima iliyobaki usiku kucha: safi. Akairudisha ile ya kwanza peke yake, kwenye tundu lile lile: nyekundu.

Tiba? Aliitoa ile RAM mbovu akaiweka mezani. Basi. Laptopu ikafanya kazi na RAM moja, pole pole kidogo, lakini haikuzima tena. Gharama: shilingi sifuri.

Sifuri! Na mimi nilikuwa nimeshalipa elfu arobaini na tano, nikaambiwa nitafute laki mbili na nusu nyingine, na nimempoteza mzee wangu mara mbili.

Sasa tuelewane kidogo jinsi mambo haya yanavyokwenda, maana hasira bila maarifa ni kelele tu.

RAM ni mahali kompyuta inapoweka kila inachofanyia kazi kwa wakati huo. RAM ya GB 8 ina vijumba zaidi ya bilioni 68, kila kimoja kinashika sifuri au moja. Kijumba kimoja kikiwa kibovu inatosha kuleta msiba. Lakini siyo kila siku! Hapa ndipo mafundi wetu wanapopotea. Leo kwenye kijumba hicho imekaa sehemu ya picha, na nukta moja kwenye picha inabadilika rangi, huoni kitu. Kesho imekaa herufi ya barua yako, na "baba" inakuwa "bara". Keshokutwa imekaa namba ambayo Windows inaitumia kujua iende wapi, inakwenda pasipo na mahali, na mashine inaanguka. Ndiyo maana inazima mara moja moja, na ndiyo maana kila ikizima inasingizia mtu mwingine. Aliyetajwa ni yule aliyekuwa amekaa kwenye kiti kibovu wakati huo.

Draiva nayo ni habari nyingine. Draiva ni programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa: kadi ya picha, sauti, printa, intaneti. Mfikirie dereva wa daladala. Abiria mmoja akizimia, gari linaendelea. Dereva akizimia, wote mtaroni. Programu ya kawaida kama ya kuandikia barua ikiharibika inafungwa peke yake. Lakini draiva nyingi zinafanya kazi ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, na moja ikikosea huko Windows inaamua kusimamisha kila kitu kuliko kuendelea na kuharibu mafaili yako. Ile skrini ya bluu mnayoitukana ni breki.

Draiva mbovu ina tabia zake. Mara nyingi inataja jina lile lile kila siku. Mara nyingi ilianza baada ya kitu fulani: uliongeza printa, ulisasisha Windows, fundi alikuwekea madraiva ya kuokoteza kutoka kwenye flashi yake. Mara nyingi ina wakati wake: ukifungua video, ukiamsha laptopu kutoka usingizini, ukiunganisha intaneti. Sisemi ni kanuni isiyovunjika. Draiva mbovu inaweza kuandika kwenye eneo la mwenzake na kumsababishia lawama. Lakini ni mahali pa kuanzia, na mahali pa kuanzia ni bora kuliko kufumba macho.

Sasa niambieni, kupiga Windows kunatibu kipi hapo? RAM mbovu itabaki mbovu hata ukipiga Windows mara mia. Tena ni hatari zaidi, maana mafaili ya Windows mpya yanapita kwenye RAM hiyo hiyo kabla ya kuandikwa kwenye diski, na yanaweza kuandikwa yakiwa yameshaharibika. Draiva mbovu inaweza kuondoka, ndiyo, halafu fundi anakurudishia ile ile kutoka kwenye flashi yake. Na yale mafaili ya Minidump, yale maandishi ya mashahidi, yote yamefutwa. Ukimpelekea fundi mwingine anaanza sifuri.

Lakini kwa nini watu wanasema "nilipiga Windows ikapona"? Kwa sababu Windows mpya haina mzigo. Inatumia RAM kidogo, kile kijumba kibovu hakiguswi sana, siku mbili tatu raha mustarehe. Ukishaweka programu zako na kufungua kurasa ishirini za intaneti, mgeni anabisha hodi. Fundi anakuwa ameshakula hela yako na akili yako imeshaamini kwamba ni "virusi vipya".

Msidhani haya ni mawazo ya mwandishi mwenye uchungu. Kuna watu wameyapima.

Mwaka 2009 watafiti, akiwemo Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto, walichapisha uchunguzi wa RAM za seva za Google. Walikuta zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vilipata hitilafu ndani ya mwaka. Na zile ni seva zenye RAM za aina ya ECC, ambazo zina uwezo wa kugundua kosa na kulirekebisha. Laptopu yako na yangu kwa kawaida hazina uwezo huo. Hitilafu ikitokea kwetu hakuna anayepiga kengele.

Mwaka 2011 watafiti wa Microsoft wakachapisha uchunguzi wa kompyuta za watu wa kawaida zipatazo milioni moja. Wakakuta kwamba mashine ikishaanguka mara moja kwa hitilafu ya vifaa, uwezekano wa kuanguka tena unapanda mno. Kwa hiyo ule msemo wa "hiyo bahati mbaya tu, iwashe tena" una mwisho wake.

Na draiva? Nyaraka za kesi moja dhidi ya Microsoft huko Marekani, zilizofunguliwa kwa umma mwaka 2008, zilionyesha kwamba katika kuanguka kwa Windows Vista kulikorekodiwa mwaka 2007, draiva za Nvidia peke yake zilibeba karibu asilimia 29. Microsoft wenyewe walibeba kama 18. Angalieni: kuna watu walihesabu! Hawakusema "Windows imechoka".

Mfano mkubwa kuliko yote mnaukumbuka. Julai 19, 2024, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma sasisho lenye kosa. Draiva yao iliyoko ndani ya kiini cha Windows ikalisoma, ikaenda kusoma eneo la kumbukumbu lisilo lake, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani zikaanguka. Ndege zikakwama, hospitali zikahangaika. Je, tiba ilikuwa kupiga Windows milioni nane na nusu? Hapana. Wakatafuta, wakalipata faili lenye kosa, na maelekezo yakawa: washa kwenye hali salama, futa faili hilo, washa tena. Faili moja! Mngewaachia mafundi wangu wawili wa kwanza kazi ile, leo dunia nzima ingekuwa imejazwa filamu za kivita.

Na ili msiseme mambo haya yanawapata wajinga tu, mwaka 2022 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, mashine yake ilianza kuleta makosa ya ajabu. Yeye naye kwanza alidhani ni kosa jipya kwenye programu. Akajaribu toleo la zamani la Linux, makosa yakaendelea. Akaendesha Memtest86+ usiku kucha. Ilikuwa RAM, iliyokuwa nzima kwa zaidi ya miaka miwili kisha ikaharibika. Hata yeye alishuku vibaya mwanzoni. Tofauti yake na fundi wangu ni kwamba yeye alipima shaka yake kabla ya kuiamini.

Najua majibu mtakayonipa. Mafundi wananiambia, "Kaka, mteja wa Bongo halipii uchunguzi. Ukimwambia acha mashine siku mbili nipime anakwenda kwa jirani anayesema saa moja tu." Hili ni kweli, na nalikubali. Sisi wateja tunampa hela anayejibu haraka, tunamkimbia anayesema "sijajua bado". Tunataka fundi mwenye uhakika kama mganga wa kienyeji. Basi tunapata waganga.

Mimi mwenyewe nilikubali Windows ipigwe bila kuuliza kwa nini. Na mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya miezi kwenye mashine moja inayoanguka, bila nakala popote. Flashi ya elfu kumi na tano ingemwokoa mzee yule. Lawama hiyo naibeba, na siigawi na mtu.

Lakini ugumu wa biashara hauhalalishi kudanganya. "Sijui" ni jibu halali. "Virusi" wakati hujaangalia ni uongo. Daktari akikuandikia upasuaji bila kukupima utamwita nani?

Na kupima siyo sayansi ya roketi. Utaratibu wenyewe aliniandikia yule dada nyuma ya bahasha, nami nawapa bure.

Kwanza, toa nakala ya kazi zako kabla ya kitu chochote. Kama unashuku RAM, fungua nakala hizo kwenye mashine nyingine uone kama ni nzima.

Pili, andika. Tarehe, saa, ulichokuwa unafanya, maandishi ya kwenye skrini. Piga picha kwa simu. Halafu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel. Utaona historia ya mashine yako siku kwa siku: lini ilianguka, na nini kiliwekwa siku hiyo.

Tatu, soma yale mafaili ya Minidump, au mwambie fundi ayasome mbele yako. Na fundi akikuonyesha tukio linaloitwa Kernel-Power 41 akasema "umeona, ni umeme", usikubali upesi. Tukio hilo linasema tu kwamba mashine ilizimika vibaya. Halisemi kwa nini.

Nne, pima RAM. Memtest86+ usiku kucha, siyo dakika tano. Kosa moja tu linatosha kuihukumu. Ikiwa na makosa, pima kipande kimoja kimoja kwenye tundu moja, kisha kipande kizima kwenye tundu la pili, maana wakati mwingine kibovu ni tundu, au ni vumbi tu na RAM haijakaa vizuri. Ikitoka safi haimaanishi asilimia mia ni nzima, lakini shaka imepungua.

Tano, kama RAM ni safi, washa mashine kwa Linux ya kwenye flashi na uitumie siku nzima bila kugusa diski. Ikianguka hata huko, acha kuisingizia Windows, tafuta kwenye vifaa: joto, vumbi kwenye feni, umeme, RAM tena. Ikitulia, rudi kwenye madraiva. Rudisha toleo la awali la draiva iliyobadilika karibuni, chukua mpya kutoka kwa mtengenezaji wa mashine, siyo flashi ya fundi. Windows ina chombo chake cha kuzibana draiva mpaka mbovu ijitaje, kinaitwa verifier, kipo tangu Windows 2000. Kitumie kwa uangalifu, maana kinaweza kuifanya mashine ianguke kila inapowaka. Ikitokea hivyo unaingia kwenye hali salama na kuandika verifier /reset.

Sita, na hili ndilo kubwa: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitano mashine ikapona, hujui kilichoiponya.

Ukishafika hapo na ushahidi ukaonyesha Windows yenyewe ndiyo mbovu, basi ipigwe! Sina ugomvi na dawa. Nina ugomvi na dawa moja kwa magonjwa yote.

Ninachotaka kwa mafundi: tozeni hela ya uchunguzi peke yake, na muandike kwenye karatasi mlichokipima na mlichokikuta. Mimi nitalipa. Ninachotaka kwa vyuo: mwanafunzi asipewe cheti kwa kujua kupakia Windows, apewe mashine yenye RAM mbovu iliyofichwa aitafute. Ninachotaka kwenu wasomaji: kabla ya kutoa laptopu yako, muulize fundi swali moja tu. "Umejuaje?" Akikasirika, beba mashine yako uende.

Mkiniruhusu nitoke nje ya duka la fundi kidogo. Hivi ugonjwa huu ni wa kompyuta peke yake? Shule ikifelisha, anahamishwa mwalimu mkuu. Dawa zikipotea hospitalini, anatumbuliwa mganga mkuu. Mradi ukikwama, inaundwa bodi mpya. Tunashangilia siku mbili tatu, halafu bluu. Hakuna aliyeuliza ilianza lini na ushahidi unasema nini. Ushahidi ulishafutwa siku ile tuliposhangilia.

Ile RAM mbovu ninayo hadi leo. Ipo juu ya meza yangu, ndogo kama kidole, karibu na flashi tatu zenye zile dakika kumi na moja. Juzi nilizisikiliza tena. Jogoo anawika, nauliza, "Mzee, na hilo handaki lilichukua muda gani?" Anakohoa. Anasema, "Subiri nikueleze vizuri."

Hapo ndipo inakatika.

Naomba kuwasilisha.